Wasomaji Wanauliza: Bei ya Mashine za Gemu na Chaji ya Pedi

Barua za mwezi huu zimetawaliwa na mashine za gemu: bei zake, thamani yake baada ya kununuliwa, na pedi (vile vidhibiti vya mkononi vya kuchezea) zinazozimika katikati ya mechi. Tumechagua tano. Baadhi tumezijibu kwa urefu kwa sababu kosa moja la ununuzi katika bidhaa hizi humgharimu mtu mshahara wa mwezi mzima au zaidi.

Ndugu Mhariri, nimewaahidi wanangu wawili wa sekondari PlayStation 5 (PS5). Nimezunguka Kariakoo na kukuta PS5 isiyo na sehemu ya diski ikiuzwa nafuu kuliko yenye sehemu hiyo, na muuzaji mwingine ananishawishi nichukue Xbox Series S kwa kuwa ni nafuu kuliko zote. Je, nichukue ipi? Na kwa nini mashine iliyokaa sokoni miaka yote hii haishuki bei? — Baba wa watoto wawili, Tabata

Mzee wetu, tuanze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalowafanya wazazi wengi wasubiri punguzo lisilokuja. Zamani kusubiri kulikuwa na faida. PlayStation 2 iliingia Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na ilipofika 2009 iliuzwa kwa dola 99. PS4 ilianza Novemba 2013 kwa dola 399, na miaka mitatu baadaye, ilipotoka ile nyembamba, bei ikawa dola 299. PS5 yenye sehemu ya diski ilianza Novemba 2020 kwa dola 499.99, lakini Agosti 2025, badala ya kushuka, ilipandishwa huko Marekani hadi dola 549.99, na Ulaya na Japani walikuwa wameshapandishiwa tangu Agosti 2022. Xbox Series S nayo ilianza kwa dola 299.99, kisha ikapandishwa mara mbili ndani ya mwaka 2025 hadi kufikia dola 399.99.

Sababu kubwa iko ndani ya mashine yenyewe. Miaka ya PS2, kila baada ya muda viwanda viliweza kutengeneza chipu ileile kwa umbo dogo zaidi na kwa gharama ndogo zaidi, na mtengenezaji akapata nafasi ya kumpunguzia mnunuzi. Siku hizi kuipunguza chipu ukubwa kunahitaji mitambo ya gharama kubwa mno, kiasi kwamba chipu ndogo si lazima iwe chipu ya bei nafuu. Ukiongeza mfumuko wa bei uliofuata janga la UVIKO-19 na ushuru mpya ambao Marekani iliuweka mwaka 2025 kwa bidhaa zinazotoka nje, utaona kwamba hakuna dalili ya kurudi kwa bei ya zamani. Ikiwa fedha unayo na ahadi umeshaitoa, kusubiri hakutakuokolea kitu.

Hapa kwetu mzigo huongezeka. Kwa urahisi wa hesabu, tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500. Mashine ya dola 550 ni shilingi 1,375,000 kabla ya usafiri, ushuru wa forodha, VAT na faida ya kila mkono uliopitisha mzigo huo, mara nyingi kupitia Dubai. Ndani ya boksi kuna pedi moja tu. Kwa watoto wawili, pedi ya pili ya DualSense, yaani pedi ya PS5, ambayo Marekani huuzwa takriban dola 75, inakufikisha kwenye shilingi 1,562,500, na hapo bado hujanunua gemu hata moja. Kwa hiyo ukisikia PS5 mpya kabisa inauzwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa, uliza imetoka wapi, na usilipe bila risiti ya EFD yenye namba ya mashine iliyoandikwa.

Sasa tuje kwenye sehemu ya diski. Msimamo wangu katika jambo hili ni mkali: kwa familia nyingi za Dar es Salaam, mashine isiyo na sehemu ya diski ni nafuu siku ya kununua tu. Gemu ya diski watoto wakiichoka utaiuza, utabadilishana na jirani, au utanunua iliyotumika kwa bei ya kupoza moyo. Gemu ya kupakua haiuziki tena, na utailipa bei inayopangwa na duka moja tu la mtandaoni. Duka lenyewe lina kikwazo: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo PlayStation Network inazihudumia, hivyo watu wetu hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha wanatafuta kadi za salio za nchi hiyohiyo. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na mzazi asiyejua hilo hupoteza fedha. Diski za gemu za PS5 na PS4 zenyewe hazibagui nchi, ila nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na nchi ya akaunti na toleo la diski.

Lipo pia suala la intaneti. Gemu kubwa kama Call of Duty hupita GB 100. Aliyefungiwa nyaya za intaneti nyumbani atalala akaamka imeshaingia, lakini anayetegemea vifurushi vya simu atajuta. Diski haimalizi tatizo hilo moja kwa moja, maana gemu bado hunakiliwa kwenye hifadhi ya mashine na masasisho hupakuliwa, ila kwa gemu nyingi sehemu kubwa ya mzigo inakuwa imeshakuja kwenye diski.

Wauzaji wengine watakwambia kwamba sehemu ya diski unaweza kuiongeza baadaye. Ni kweli kwa PS5 nyembamba zilizotoka kuanzia Novemba 2023, ambapo kifaa hicho huuzwa peke yake kwa takriban dola 80 na lazima mashine iunganishwe na intaneti mara ya kwanza ili ikitambue. Kwa ile ya kwanza ya mwaka 2020 haiwezekani kabisa. Usitegemee picha ya boksi: tazama namba ya modeli inayoanza na CFI. Kwenye PS5 za kawaida, herufi A baada ya tarakimu ni mashine yenye sehemu ya diski, na herufi B ni isiyo nayo. Muuzaji anayemkabidhi mzazi yenye B bila kumweleza tofauti hiyo anamdhulumu, hata kama bei ni halali.

Xbox Series S ni mashine nzuri kwa kazi yake, lakini nayo haina sehemu ya diski, na ile ya GB 512 huacha takriban GB 364 tu za kuweka gemu. Jambo linaloamua zaidi ni kwamba mtaani kwetu vijana wengi wana PlayStation. Wanao watataka kuazimana diski na wenzao wa Tabata, na kwa Series S hawataweza. Chukua PS5 yenye A. Kama bajeti haifiki, PS4 Slim safi iliyotumika, yenye pedi mbili zinazokaa na chaji, itawafurahisha zaidi kuliko PS5 isiyo na diski inayokaa bila gemu mpya.

Mheshimiwa Mhariri, nina kibanda cha gemu Mbagala chenye PS4 mbili, ninatoza shilingi 500 kwa mechi. Vijana wanadai PS5. Nikihamia huko nitarudisha fedha yangu, au umeme wa LUKU utanimaliza? Halafu pedi zinanitesa: jioni kibanda kikijaa ndipo zinaishiwa chaji. — Mwenye kibanda, Mbagala

Ndugu yangu, hofu ya umeme ni ya kawaida kwa wenye vibanda, lakini ukiipigia hesabu utaona si yenyewe inayopaswa kukunyima usingizi. PS4 Slim ikicheza huvuta takriban wati 90, na televisheni ya wastani tuipe wati 60. Kwa saa 10 za kazi ni uniti 1.5. PS5 ikicheza gemu zake hukaribia wati 200, na pamoja na televisheni hiyohiyo ni uniti 2.6. Kwa bei ya uniti ya takriban shilingi 356, tofauti kati yake haifiki shilingi 400 kwa siku, yaani chini ya mechi moja.

Linalokula faida ni bei ya mashine yenyewe na pedi. Swali la kujiuliza ni hili: je, mteja wako atalipa zaidi kwa PS5? Kama mechi itabaki shilingi 500 kwenye mashine zote mbili, PS5 italazimika kukuletea mechi nyingi zaidi ambazo PS4 isingezipata, na katika kibanda ambacho viti vimeshajaa jioni mechi hizo hazina pa kukaa. Wateja wako wengi wanacheza mpira, na EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, imetolewa pia kwa PS4. eFootball, ambayo ni ya bure, nayo inachezeka humo. Ningekuwa mahali pako ningebaki na PS4 mbili na kununua ya tatu iliyotumika, kisha siku ambayo gemu mpya ya mpira itatoka bila toleo la PS4, hapo ndipo ningeanza kuhama, mashine moja kwa wakati. PS5 husoma karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo diski ulizo nazo hazitatupwa.

Kuhusu pedi, tuseme ukweli: pedi ya PS4 haikutengenezwa kwa ajili ya kibanda. Betri yake ni ya mAh 1,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na ikiwa mpya hudumu kati ya saa 4 na 8. Pedi iliyotumika miaka mitatu, tena kwenye joto la chumba cha bati, haiwezi kufika hata nusu ya hapo. Kwa biashara yako usitegemee betri kabisa. Chezesha kwa waya. Pedi zote mbili, ya PS4 na ya PS5, hufanya kazi zikiwa zimechomekwa hata betri ikiwa imekufa, mradi waya uwe unaopitisha data, si ule wa chaji peke yake ambao huuzwa kwa bei ya chini na kufanana kabisa na mwenzake. Kwenye PS5 ingia katika mipangilio ya vifaa, sehemu ya pedi, uchague mawasiliano kwa waya wa USB.

Waya una ubaya wake. Kijana akishangilia bao na kunyanyuka, tundu la kuchomekea ndilo linaloumia. Tumia waya mrefu, wa mita tatu hivi, na uufunge kwenye mguu wa meza au wa kiti ili ukivutwa mvuto uishie hapo. Kwenye pedi ya PS4 tundu hilo limewekwa kwenye kibati kidogo kinachojitegemea, kinachounganishwa na ubao mkuu kwa utepe, na fundi hukibadilisha kwa dakika chache bila kulehemu. Kabla ya kununua kibati hicho mfungulie fundi aone kama utepe wake ni wa pini 12 au 14, kwa sababu haviingiliani. Kwenye pedi ya PS5 tundu limelehemewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na kulibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi na bei nzito. Hiyo nayo ni sababu ya kutokimbilia PS5 kibandani. Na analogi, kile kijiti cha kidole gumba, ikianza kumkimbiza mchezaji peke yake bila kuguswa, usimlaumu mteja: ndani yake kuna vipande vinavyosuguana kila inaposukumwa, na kwa mechi nyingi za kila siku lazima viishe. Weka akiba ya pedi kwenye bajeti ya kila mwezi kama unavyoweka kodi ya fremu.

Mpendwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi, ninakaa hosteli Mabibo. Pedi yangu ya DualSense ilikuwa inanikaa vizuri, lakini sasa haimalizi hata mechi nne. Kuna fundi anataka kuniwekea betri ya mAh 3,000. Nikubali? — Mwanafunzi, Mabibo

Usikubali kwanza. Betri ya asili ya DualSense ni ya mAh 1,560 na imeandikwa LIP1708. Nafasi iliyomo ndani ya pedi ni ileile, na betri ya umbo lilelile inayodai kubeba karibu mara mbili mara nyingi imeongezwa wino kwenye lebo tu. Nunua inayodai kiasi kinachokaribiana na cha asili, kutoka kwa muuzaji anayekubali kuibadilisha ikisumbua. Kazi yenyewe si ngumu: betri imechomekwa kwa plagi, haijagundishwa.

Hata hivyo, ujue kwamba ukubwa wa betri si jambo linaloamua peke yake. Pedi ya Nintendo Switch, ile iitwayo Pro Controller, ina betri ya mAh 1,300 tu, ndogo kuliko yako, lakini hudumu takriban saa 40. DualSense mpya ikifika saa 12 imejitahidi, na kwenye gemu zenye vishindo vingi hupungua sana. Tofauti hiyo inatokana na matumizi. DualSense ina mota mbili zinazotoa mitetemo ya kila aina, mota nyingine ndani ya vitufe vya mbele vya R2 na L2 zinazofanya vitufe viwe vigumu au laini kulingana na gemu, spika, maikrofoni na taa, na vyote vinanyonya betri hiyohiyo moja.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, fungua mipangilio ya pedi kwenye PS5. Punguza nguvu ya mtetemo, zima ugumu wa R2 na L2, fifisha taa, na punguza sauti ya spika ya pedi. Kwenye gemu ya mpira hutapoteza kitu cha maana. Ningekushauri urudishe ugumu wa vitufe pale tu unapocheza gemu ambayo imeundwa kuutumia, maana hapo ndipo fedha uliyolipia pedi hiyo inapoonekana. Katika sehemu ya kuokoa umeme weka pedi ijizime baada ya dakika 10 bila kuguswa. Ukiona baada ya hapo bado haimalizi mechi nne, betri imechoka kweli na uibadilishe.

Betri mpya nayo itahitaji kutunzwa, hasa katika joto letu. Betri za lithiamu huharibiwa na joto kuliko kitu kingine, kisha na kukaa zimejaa kwa muda mrefu, na kuachwa tupu kwa wiki nyingi. Usiache pedi juu ya mashine inayofukuta wala dirishani penye jua la mchana. Hakuna haja ya kuimaliza kabisa kabla ya kuchaji, hayo yalikuwa ya betri za zamani. Ichaji inapofika nusu au robo bila wasiwasi. Ukienda likizo ya miezi miwili, iache ikiwa nusu. Chaja ya simu iliyo orijino haina madhara, kwa sababu pedi huchukua kiasi inachohitaji tu. Ya kuogopwa ni chaja ya bei ya kutupa isiyo na alama ya mtengenezaji, ambayo umeme wake hupanda na kushuka hovyo.

Shikamoo Mhariri. Mwanangu alinunuliwa Xbox na baba yake, na pedi yake inakula betri ndogo kama za rimoti. Kila wiki ninatumwa dukani. Je, ni mbovu? — Mama, Kigamboni

Marahaba, mama. Pedi si mbovu. Microsoft wameitengeneza hivyo, itumie betri mbili za AA, na wao hutaja hadi saa 40 kwa seti moja. Mtoto anayecheza saa mbili kwa siku angepaswa kufika karibu siku 20. Tatizo liko kwenye betri za dukani. Soma pembeni yake: zilizoandikwa R6 ni zile za bei ndogo zinazofaa saa ya ukutani, lakini pedi huzimaliza haraka. Zenye LR6 ni za alkalini, zina nguvu zaidi. Suluhisho la kudumu ni za kuchaji, zenye alama ya HR6: nunua nne pamoja na chaja yake, mbili zikiwa kwenye pedi, mbili kwenye chaja. Gharama ya mwanzo itakuuma, lakini hurudiwa mamia ya mara. Usichanganye mpya na iliyotumika, wala aina mbili tofauti. Na hapa pedi ya Xbox ina jambo la kusifiwa: miaka ikipita na betri zikichoka, hakuna fundi wa kufungua chochote, unabadilisha mwenyewe mezani.

Habari za kazi. Mjomba amerudi kutoka Marekani na Xbox 360 ya zamani, ametupa bure. Tuichomeke tu? — Kijana, Sinza

Msiichomeke bado. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, wetu ni 230, na lile tofali la umeme linalokuja na Xbox 360 za kule kwa kawaida ni la volti 100 hadi 127 tu. Geuza tofali usome lebo kwenye neno INPUT. Likiandikwa 100–240, chomeka. Likiandikwa 100–127, tafuta tofali la Xbox 360 la volti 220–240 lenye plagi inayolingana na mashine yenu, kwa sababu Xbox 360 zilitoka kwa awamu tofauti na plagi zake hazifanani. Nenda na mashine yenyewe mkononi mkalijaribu hapohapo dukani kabla ya kulipa.